Sanamu Iliyonijibu Bonjour

Kwanza niseme mimi sio mwizi. Nimelelewa Tanga kwa bibi, na pale hata ukienda kuomba chumvi kwa jirani unapiga hodi tatu, usipojibiwa unageuza. Sasa nilijikutaje ndani ya nyumba ya watu nisiowajua huko kusini mwa Ufaransa, namgusa babu wa watu shavu kwa kidole? Hapo inabidi nielezee taratibu.

Dada yangu kaolewa Toulouse na mtu wa Lubumbashi, kwa hiyo Kifaransa kwa shemeji ni kama kunywa maji. Nilienda kuwasalimia mwezi wa tisa, shemeji akaniambia una bahati wewe, wikiendi ya tatu ya Septemba Ufaransa yote wanafungua milango ya majengo ya kale, wameanza toka 1984, makasri, vinu, makanisa, mpaka ofisi za serikali, sehemu ambazo siku zingine unaishia getini, na nyingi unaingia bure. Akamalizia kwa Kiswahili chao, "Weye ingia tu, leo mulango yote iko wazi." Hiyo sentensi ndo iliyoniponza, naomba iwekwe kama ushahidi.

Tukaenda Conques. Ni kijiji cha mawe mpaka mapaa, kimeng'ang'ania ubavuni mwa bonde kama mbuzi, huko Aveyron. Njiani tukasimama kwenye karakana moja ya zamani ya mhunzi, ilikuwa wazi siku hiyo, na ndani kuna sanamu ya mhunzi mwenyewe, kofia, aproni, masharubu, kila kitu. Dada alimsalimia. Kweli kabisa, alimwambia bonjour halafu akasubiri. Tukacheka kilometa arobaini nzima, mimi ndo nilicheka zaidi, na Mungu alikuwa anaandika.

Conques yenyewe historia yake tamu. Mifupa ya mtakatifu wao, binti anaitwa Foy, ilikuwa mji wa Agen, sasa karne ya 9 mtawa mmoja wa Conques akaenda Agen, akajifanya mwenzao, akakaa miaka mpaka wakamwamini, siku ya siku kabeba mifupa huyo kwao. Mahujaji wakaanza kumiminika, kijiji kikatajirika, na mpaka leo wanaoenda kuhiji Santiago, huko Hispania, kwa miguu wanapita hapo. Shemeji akasema unaona, hata utalii wa hapa umeanza na mtu kuingia kwa wenzie bila kukaribishwa. Tulicheka tena.

Juu ya mlango wa kanisa kuna hukumu ya mwisho imechongwa kwenye mawe, watu 124, peponi kumepangwa vizuri kimyaa, kila mtu katulia, jehanamu ndo kuna vituko vyote. Kuna shetani anabonyeza mizani kwa kidole kama muuza nyanya, nilimpenda sana. Halafu pembeni kabisa, kwenye ukingo wa tao, kuna vijitu vinachungulia, macho na vidole tu vinaonekana, wanawaita wadadisi. Nikavipiga picha. Sikujua ni ndugu zangu.

Mchana shemeji goti likagoma, dada kaingia maduka, nikasema mie napanda kidogo. Unashuka mpaka mto Dourdou, unavuka daraja la mawe wanaloliita la Kirumi ingawa Warumi hawakulijenga, halafu unapanda mlima ambao aisee, mapafu yaliomba talaka. Katikati kuna kikanisa kina kengele, mahujaji wakifika wanaigonga, nikaigonga na mimi, kwa nguvu, ili shemeji asikie kwamba mtu wa Tanga bado yu hai. Njia zao hizi ndefu zina alama, mstari mweupe juu mwekundu chini maana yake uko sawa, ukiona mistari imekatana kama msalaba maana yake umepotea, rudi. Huko juu nikaona msalaba. Nikasema huyu fundi rangi alikuwa na haraka, nikaendelea.

Nikatokea kwenye vinyumba kama vinne hivi. Kimoja geti wazi, mabaluni yamefungwa getini, magari kumi na kitu yamepaki, na kibao kimeandikwa kwa mkono "C'est ici!" na mshale. Kifaransa changu ni kidogo lakini hicho nilikielewa, ni hapa! Nikasema hii ndo ile milango.

Nikaingia. Jamani nyumba ilikuwa nzuri. Giza na ubaridi, saa ndefu ya mbao inasema tok, tok, masufuria ya shaba ukutani, na jiko la kuni kubwa kiasi kwamba mtu anaingia na kiti chake akaota moto humohumo ndani. Na kweli wameweka sanamu ya mzee kwenye hicho kiti, kofia, fimbo, masharubu meupe, nikasema hawa wamewazidi wale wa asubuhi mbali sana, hawa wameweka mpaka vinyweleo vya masikio. Nikazunguka nyumba kwa raha zangu, nikafungua kabati nione mashuka ya zamani, nikanusa sufuria (nilishangaa makumbusho yananukia vitunguu saumu, nikajua ni ubunifu), nikapiga selfi na mzee, mkono begani. Halafu shetani wa mizani akaniambia gusa shavu, hakikisha kama ni nta.

Shavu lilikuwa la moto.

Jicho moja likafunguka. Kifaransa changu chote, hata kile kidogo, kikatoka mbio, na mdomo wenyewe bila kuniuliza ukasema, "Shikamoo babu."

Mzee akaniangalia. Akafungua na la pili. Akasema, "Bonjour," halafu akanyamaza, ananisubiri. Kule usipomwambia mtu bonjour kwanza ni kama umemtukana, kumbe kosa nililokuwa nadaiwa sio kuingia wala kufungua kabati, ni hodi! Nikasema bonjour kama mtoto wa chekechea. Akatikisa kichwa, sawa. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikatoa noti ya yuro tano nikampa, nikijua labda yeye ndo mlinzi anakusanya mchango. Akaitazama huku na huku. Akaitia mfukoni.

Hapo ndo mlango wa nyuma ukafunguka, ukoo mzima unaingia kutoka bustanini, watu kama ishirini, mbele mama kabeba keki. Wote wakasimama. Nikapiga simu kwa shemeji, nikaiweka spika katikati ya meza, nikasema waeleze. Akawasikiliza, kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Weye, ulifungula na kabati ya batu?" Akaanza kucheka, na walipoelewa nao wakaanza, bibi mwenye siku yake ya kuzaliwa alicheka mpaka akakalishwa.

Sikuruhusiwa kuondoka. Nikalishwa aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika, yaani ugali ulioamua kuwa jojo, unainua kijiko mpaka usawa wa paji la uso na bado kimeunganishwa na sahani. Keki nayo ilikuwa ndefu ina miiba kama mti, wanaioka kwenye mtambo unaozunguka mbele ya moto. Ile selfi nikawarushia wote, sasa hivi iko kwenye simu za nusu ya ukoo.

Shemeji akaja na gari kunichukua. Tunaaga pale mlangoni, mara wakatokea watalii wawili, fimbo na mabegi mgongoni, wanaangalia mabaluni, wanaangalia mshale, wananong'onezana. Nikafungua mdomo niwaambie. Mzee akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Akarudi haraka kwenye kiti chake jikoni, akaivuta kofia, akashika fimbo, akafumba macho.