Mwacheni Mbaraka Apige Gita

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini. Mapambo hadi kwenye feni, na mshereheshaji mwenye koti la kumetameta akatangaza kwamba sasa ni zamu ya "wazee wetu", maana yake chakula kimechelewa. Ikapigwa "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Wazee wakainuka. Shangazi mmoja akavua viatu kabisa akavisukuma chini ya meza. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Huyo ndiye Marijani Rajabu, Jabali la Muziki!" Makofi.

Nikanyamaza, harusi ni ya watu. Kilichonichoma kikafuata. Waimbaji wakapumzika, gita likapokea, wale wazee ndiyo kwanza miguu inakubali, na kijana wa muziki akaukata wimbo. Paf! Akaweka kitu kingine chenye ngoma za kompyuta. Shangazi akabaki pekupeku katikati ya ukumbi, mikono bado iko hewani.

La Marijani nalimaliza haraka. Marijani Rajabu ni wa Kariakoo, wa Safari Trippers na baadaye Dar International, amefariki mwaka 1995 akiwa na miaka 40. Mwenye "Shida", Mbaraka Mwinshehe, ni wa bendi za Morogoro Jazz na Super Volcano, amefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, miaka 34. Wote waliondoka mapema, wote walikuwa vigogo, ila ni watu wawili, miji miwili, sauti mbili ambazo hata mtu mwenye pamba masikioni angezitofautisha. Kama unalipwa kushika kipaza sauti, hiyo ni kazi yako kuijua. Basi.

Kukata gita ndiko kulikonifanya niandike, kwa sababu si yule kijana peke yake. Sote tunalikata. Redio zetu zinalikata kila Jumapili: mtangazaji anaacha beti mbili zipite, na gita likianza tu, anaanza na yeye. Atasalimia wasikilizaji wa Kimara, atasoma ujumbe, atatangaza sabuni, na juu ya mambo yote atatusimulia kifo cha Mbaraka. Lazima kifo kisimuliwe. Mara ni ajali tu, mara kulikuwa na mkono wa mtu, mara alikosa damu, mara aliota usiku ule. Kila msimulizi ana nyongeza yake, na kila mwaka nyongeza inanona. Nimewahi kumsikia bwana mmoja akieleza dakika za mwisho za Mbaraka kwa undani ambao ungemfanya awe abiria katika gari lile. Huku nyuma, chini ya sauti yake, kwa mbali, gita linapigwa na marehemu mwenyewe, na hakuna anayelisikiliza.

Jamani. Mtu alikuwa mpiga solo, lile gita linaloongoza. Alikuwa anaimba pia, anatunga, anaongoza bendi, lakini jina alilopewa na wapenzi wake ni Soloist National, na hawakumpa kwa sababu ya mashairi. Ukimwondolea gita umebaki na nusu ya mtu. Na nusu hiyo ndiyo tunayoililia.

Wanaolijua dansi la zamani wanajua wimbo ulivyokuwa unajengwa. Kwanza maneno: taratibu, kisa kinaelezwa, watu wanacheza wameshikana, wengine bado wamekaa wanamalizia chupa. Kisha unafika ule mlango. Waimbaji wanarudi kwenye kiitikio kifupi au wananyamaza kabisa, gita la rithim linakaza, ngoma ya tumba inaamka, solo linachukua usukani. Hapo ndipo ukumbi ulipokuwa unainuka. Maneno yalikuwa yanakuleta mlangoni; ndani ulikuwa unaingizwa na magita. Kupiga beti mbili na kuzima ni kumwita mgeni hadi kizingitini, kisha ukambamizia mlango.

Na Mbaraka akishachukua wimbo hana haraka. Hilo ndilo linalonimaliza mimi. Anaweza kukaa kwenye kijisehemu kidogo, noti chache tu, anazungusha, anazungusha, unadhani amesahau kuhama, halafu anabadilisha kitu kimoja, noti moja pengine, na mgongo wako unajua kabla ya kichwa chako. Hapigi ili umwone hodari. Vidole vinaongea kwa lafudhi ileile ya mdomo wake, kiasi kwamba ukizoea, unaweza kusikia maneno mahali ambapo hakuna anayeimba. Watu wa siku hizi wanamwita "Franco wa Tanzania" wakidhani wanamsifu. Franco, yule mpiga gita wa Kongo, alikuwa Franco, apumzike, Kinshasa walimtunza na wanamjua. Sisi tukipata mtu wetu, hatuna namna ya kumpima mpaka tumpeleke kwa jirani akapimwe kwa kibaba cha huko.

Sikatai, maneno yalikuwa na uzito wake. Enzi hizo wimbo ulikuwa gazeti. Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971, Morogoro Jazz walimwimbia, na kuna watu kijijini walioijua habari ile kwa magita kuliko kwa hotuba. Bendi ilipokwenda Japani kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, ilirudi na wimbo wa safari. Kwa hiyo nakubali, kwa shingo upande, kwamba anayesikiliza beti tu naye anapata kitu. Anapata kitu.

Hebu turudi hapo kwenye Osaka. Katika nchi nzima, pamoja na Dar yake, pamoja na bendi za vyama na za majeshi zenye vyombo vya serikali, iliyopanda ndege kwenda Japani ilikuwa bendi ya mkoani. Ya Morogoro. Mji kasoro bahari, mji ambao leo wengi wetu tunaujua kupitia dirisha la basi pale Msamvu, tukinunua maji na kuuliza choo kiko wapi.

Kwa nini Morogoro? Hapa ndipo hadithi za kifo zinapotuharibia kabisa, kwa sababu zinamfanya Mbaraka aonekane kama mtu aliyedondoka kutoka milima ya Uluguru akiwa tayari na gita mkononi, akatupigia kidogo, kisha akachukuliwa. Hakudondoka. Alikuta mji unaojua muziki. Morogoro Jazz yenyewe ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Miaka michache baadaye Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba, na kuanzia hapo mji ukawa na kambi mbili. Huyu Salum Abdallah naye ni kisa. Wazee wanasimulia kwamba kijana aliipenda Cuba ya kwenye santuri kiasi cha kutoroka nyumbani aipande meli aende huko huko, akaishia Mombasa. Akarudi, na kama hakuifikia Cuba, basi aliileta Morogoro. Sauti yake ile nyororo ilitawala mpaka mwaka 1965, alipofariki. Ajali ya gari. Naam, naye pia. Hajafika hata miaka 40.

Mji mmoja, viongozi wawili wa bendi mbili pinzani, wote wamechukuliwa na barabara. Najua unachotaka kukisema. Usikiseme. Ndicho anachokisema yule bwana wa redioni kila Jumapili.

Mimi naona kitu kingine. Mbaraka anaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 60, wakati mji unamlilia Salum. Cuban haikufa, Juma Kilaza akaishika akaiendesha vizuri tu, na nyimbo zake zinapigwa hadi leo. Kwa hiyo kijana wa Morogoro Jazz kila wikiendi anajua kwamba ng'ambo ile kuna ukumbi mwingine, una watu, na watu hao wana masikio yaliyofundwa na mmoja wa waimbaji wakubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Ukikosea noti unasikika. Ukirudia kitu cha mwezi jana, wapenzi wako wanatembea kidogo tu, wanahamia kwa wenzako. Hakuna chuo cha muziki kinachoweza kukunoa hivyo.

Marehemu mjomba wangu alikuwa Cuban damu. Hakuwahi kulipa kiingilio cha Morogoro Jazz maisha yake yote, aliapa. Lakini shangazi (yule yule wa kuvua viatu, ndiyo) ndiye aliyenitobolea siri: mjomba alikuwa anajibanza nje ya ukumbi wao usiku, upande wa giza, anamsikiliza Mbaraka hadi mwisho, halafu kesho yake anawaambia watu kwamba wale jamaa hawana kitu. Aliulizwa akiwa mzee sana kama ni kweli. Akajibu kwamba alikuwa anapita. Kila Jumamosi, bwana yule alikuwa anapita.

Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yaliyomtengeneza Mbaraka: watu wanaosikiliza kwa uchoyo, kwa wivu, wanatafuta kosa, na wanakaa mpaka gita linyamaze. Sisi tunaojiita wapenzi wake leo tunamkata dakika ya tatu. Mjomba aliyekuwa mpinzani alimheshimu kuliko sisi.

Mengine nayapitia tu. Kwamba nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania bila kupata sahani mkononi, na aliyetaka sahani alifunga safari ya Nairobi. Ndiyo maana hadi leo utamkuta Mkenya anaujua muziki wa Mbaraka kuliko mtu wa Mji Mpya, pale pale Morogoro, na tusijifanye kushangaa. Kwamba utepe wa redio wa enzi hizo ni mali ambayo nchi nyingine wangeijengea jumba. Kwamba familia za wanamuziki hawa ziliachwa na sifa, na sifa hailipi ada. Kila moja kati ya hayo lina makala yake, na wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Halafu kuna nyinyi vijana mnaorudia nyimbo zake. Sikuwa nataka kuwasifia, lakini mmoja nilimsikia hivi karibuni kwenye baa, ana gita na kijispika tu, na alipofika kwenye ule mlango hakukimbia. Alikosea mahali pawili. Nilimnunulia soda, pombe hatumii. Wengine wote mnachukua kiitikio, mnaweka ngoma za kompyuta, mnaliacha gita mnasema ni refu. Refu kwa nani? Watu hao hao wanakaa saa mbili kuangalia mpira usio na goli.

Na waliokuwa wanapiga nyuma yake? Mpiga rithim aliyesimama pale usiku kucha akirudia kitu kile kile bila kutetereka ili solo liweze kutanga na kurudi. Mpiga besi. Watu wa saksafoni. Waulize mashabiki wakubwa wa Mbaraka, wale wanaobandika picha yake kila Januari na mshumaa pembeni, wakutajie watatu tu. Watakutajia ajali ilitokea saa ngapi.

Basi mimi nina ombi moja kwa watu wa harusi, wa baa, wa redio na wa mabasi ya usiku: wimbo ukianza, uacheni uishe. Si zaidi ya hapo. Msisimulie kitu. Kama hamna dakika hizo, pigeni kitu kifupi cha mtu mwingine, muziki upo mwingi.

Najua wapenzi wa Super Volcano watakuja kunifokea kwamba nimeijaza makala Morogoro Jazz wakati "Shida" yenyewe ni ya Super Volcano, na kwamba alipoondoka mwaka 1973 kwenda kujitegemea ndipo alipokuwa mkubwa hasa. Aliuza zaidi, sawa. Alijulikana zaidi, sawa. Ila mimi nawasikiliza wote wawili, na naona yule wa Morogoro Jazz ana njaa ambayo yule wa Volcano alikwisha kuishibisha: anapiga kama mtu ambaye Cuban wanamsubiri nje ya mlango. Volcano ni bendi ya bosi. Njooni mnifokee, lakini kwanza nendeni mkasikilize nyimbo mbili za kila upande, nzima nzima, hadi gita linapokoma, halafu mniambie ni wapi nilipokosea.