Fainda ipi kwa anga la Moshi: nukta nyekundu au lenzi?

Katikati ya Februari, mnamo saa mbili na nusu usiku, nyota tatu za mkanda wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, zinapita juu ya ua wangu hapa Moshi, karibu kabisa na utosi. Kusini kidogo ya mkanda huo lipo wingu la gesi linaloitwa M42, na wakati huo linakuwa digrii 2 tu kutoka utosini. Hakuna saa nzuri kuliko hiyo ya kulitazama, kwa kuwa mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo kuliko saa nyingine yoyote. Na hakuna saa ngumu kuliko hiyo ya kulielekezea darubini. Tatizo haliko kwenye kioo cha darubini. Liko kwenye fainda.

Fainda ni kile kidude kinachofungwa mgongoni mwa bomba la darubini ili kikuonyeshe bomba linaangalia wapi. Bila hicho unahangaika, maana darubini inaona kipande kidogo mno cha anga. Darubini ya inchi 8 yenye urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga hukusanyika kuwa picha) wa milimita 1200, ukiiwekea lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 25, inakuza mara 48 na kukuonyesha takriban digrii 1, yaani upana wa miezi mpevu miwili iliyopangwa bega kwa bega. Ni kama kumtafuta mtu kwenye Uwanja wa Ushirika siku ya mechi huku unachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Wanaotumia darubini wamegawanyika pande mbili. Wapo wa nukta nyekundu: kioo kidogo chenye taa ya betri inayofanya nukta ionekane kama imeelea angani. Haikuzi chochote. Unafungua macho yote mawili, unasogeza bomba mpaka nukta ikae juu ya nyota, basi. Ndugu yake mkubwa ni Telrad, iliyobuniwa na Mmarekani Steve Kufeld miaka ya 1970. Yenyewe, badala ya nukta, inachora miviringo mitatu yenye upana wa nusu digrii, digrii 2 na digrii 4, hivyo unaweza kupima umbali kutoka nyota moja hadi nyingine. Upande wa pili ni wa lenzi, yaani kidarubini kidogo chenye alama ya msalaba ndani. Zinazojulikana zaidi ni 6x30 na 8x50. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita.

Hoja ya watu wa nukta ina nguvu, na nimeishuhudia uani kwangu. Watoto wa jirani wakija, sihitaji kuwafundisha kitu. "Mjomba, niweke hapo?" anauliza mmoja, na sayari ya Mshtarii tayari imo kwenye darubini. Kwa fainda ya lenzi iliyonyooka mtoto huyohuyo anachanganyikiwa, kwa sababu picha inaonekana kichwa chini miguu juu: ukisukuma bomba kulia, nyota zinakimbilia usikotarajia. Mkubwa anazoea baada ya usiku kadhaa. Mtoto wa miaka minane anakata tamaa na kurudi ndani.

Betri nayo si tatizo kubwa kama wengine wanavyodai. Nukta nyingi hutumia ile ya duara ya CR2032, ambayo fundi saa yeyote mjini anayo. Ubaya ni kuisahau ikiwaka hadi asubuhi. Umande ndio adui wa kweli. Usiku wa Julai hapa Moshi kile kioo cha nukta kinalowa mapema, na ukikipangusa kwa kiganja unaacha ukungu wa mafuta. Mimi hukifunika kwa kitambaa kila ninapoacha kukitumia.

Lakini nukta ina sharti moja ambalo watu wake hawalisemi vya kutosha: ni lazima jicho tupu lione nyota ya kuanzia. Ukiwa Machame juu au huko nje kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, nyota zimejaa, na nukta inakutosha hata mwaka mzima. Ukiwa mjini, penye taa za barabarani na taa za ulinzi za kila geti, nyota hafifu zinamezwa na unabaki na chache za kushikia. Hapo lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga karibu mara 50 ya mboni ya jicho iliyopanuka gizani. Nyota ambazo ulidhani hazipo zinarudi.

Chukua mfano wa Omega Centauri, kishada cha nyota kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika galaksi yetu, ambacho watu wengi wa Ulaya hawajawahi kukiona kutoka nyumbani kwao na sisi tunacho nusu ya anga upande wa kusini. Juni, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kinafika kimo cha digrii 46. Kutoka mjini jicho tupu halikioni kwa urahisi. Ninaanza na nyota Zeta Centauri, iliyo digrii 5 mashariki yake. Kwa fainda ya 8x50, inayoonyesha digrii 5 hadi 6 kwa pamoja, naiweka Zeta ukingoni upande mmoja, na upande wa pili kinachomoza kitu kama nyota iliyopuliziwa pumzi. Ndicho. Kwa nukta ningekuwa nakisia.

Sasa turudi utosini, maana hapa ndipo ninapoachana na ushauri unaotoka nje. Mwandishi wa Ujerumani au Uingereza mara nyingi anatazama sayari na mawingu ya nyota yaliyosimama nusu ya anga au chini ya hapo, kwa hiyo kuchungulia kwa kunyooka hakumuumizi. Moshi na Arusha ziko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta. Jabari anapita juu ya vichwa vyetu. Njia ya sayari inapita juu ya vichwa vyetu. Fainda iliyonyooka inakulazimisha upige magoti kwenye nyasi zenye umande na kukunja shingo nyuma kama mtu anayenyolewa ndevu, na nukta nyekundu inadai vivyo hivyo. Nimeona watu wazima wakiacha kabisa kutazama M42 kwa sababu ya shingo, na hilo linaniuma, kwa kuwa hakuna wingu lililo rahisi kuliko hilo.

Dawa yake ni fainda ya lenzi iliyopinda digrii 90, na iwe ile yenye prizimu inayonyoosha picha, si yenye kioo cha kawaida kinachogeuza kulia kuwa kushoto. Unasimama wima, unainamisha kichwa kidogo, na unachokiona kinafanana na ramani. Kasoro yake ni kwamba macho yako hayaelekei kule bomba linakoelekea, hivyo kupata eneo la kuanzia ni shida. Wengi hufunga na nukta pembeni ili visaidiane, na kama fedha ipo sina ubishi. Kama haipo, bandika mrija wa kalamu ya bik mgongoni mwa bomba, sambamba nalo, uchungulie humo kupata nyota ya kwanza. Gharama yake ni gundi.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa anayeishi mjini na ana bomba refu ni huu: nunua lenzi ya 8x50 iliyopinda kabla ya nukta. Mwenye bomba fupi la fokasi ya milimita 650, ambalo kwa lenzi ya milimita 25 linaonyesha takriban digrii 2, au anayetazama na watoto, achukue nukta na asisikilize wanaomwambia ni kifaa cha wanaoanza. Ile ya 5x24 ya plastiki inayokuja na darubini za bei nafuu, itoe tu. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, na ndani ilikuwa na kipete kilichoziba lenzi hadi ikabaki na upana wa kitufe cha shati.

Leza ya kijani, ambayo wengine huielekeza angani badala ya fainda, sitaipendekeza kwa mtu wa huku hata iwe rahisi vipi. Uwanja wa ndege wa KIA uko kati ya miji yetu hii miwili, na rubani anayeshuka usiku hastahili kumulikwa machoni. Simu inayotambua nyota kwa kamera, kama mfumo wa StarSense Explorer uliotolewa na Celestron mwaka 2020, inafanya kazi vizuri, ila bei yake inaweza kuzidi ya darubini yenyewe.

Uinunue ipi, lazima uilinganishe na bomba, na katika hili tumebarikiwa. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, elekeza darubini kwenye ukingo wa Kibo, kisha kaza skrubu za fainda mpaka nayo ione ukingo huohuo. Umbali ule unatosha kabisa. Nguzo ya umeme ya jirani haitoshi. Usipitishe bomba karibu na jua hata kwa sekunde moja. Na siku ya kutazama jua kwa kichujio, fainda ya lenzi ifunikwe au itolewe, maana haina kichujio na inaweza kupofusha.

Utosini penyewe stendi ya kwenda juu na pembeni inakwama hata ukiwa na fainda bora: kusogea kidogo tu kunataka uzungushe bomba robo ya duara. Anga linasogea digrii 15 kwa saa. Siku hizi M42 ikifika utosini naiacha ipite, natazama kwingine, kisha saa tatu na nusu narudi. Bomba limeshalala kidogo kuelekea magharibi, shingo imenyooka, na wingu linaingia kwenye alama ya msalaba bila kusumbua.