Kifaa cha kutetemesha mguu wenye ganzi kinamfaa nani Dodoma?

Aliyeharibiwa neva (mishipa ya fahamu) za miguu na kisukari au ukoma haanguki kwa udhaifu wa misuli tu. Unyayo wake hauuambii tena ubongo kwamba mwili unaelemea mbele au kando, hivyo macho ndiyo yanayobeba kazi kubwa. Asimame miguu ikiwa imebanana, kisha afumbe macho: atayumba. Mtu awe karibu wa kumdaka.

Vifaa kama Walkasins cha Marekani vimebuniwa kuziba pengo hilo. Soli nyembamba ya ndani hupima uzito umelalia wapi, na mkanda uliofungwa juu kidogo ya kifundo hutetema upande huo. Ila ngozi chini ya mkanda lazima iwe bado inahisi. Ganzi ya kisukari huanzia vidoleni ikapanda; ikishafika katikati ya muundi, mkanda unatetema bure. Basi mguu upimwe kabla ya fedha kutoka: simu iliyowekwa mtetemo, ikigusishwa mbele, nyuma na pande zote mbili juu ya kifundo, itadokeza, ingawa haitoshi kuwa kipimo cha kliniki.

Wanaopinga kifaa hiki wana hoja nzito: fimbo. Ncha yake ikigusa ardhi, kiganja kinapata habari ambayo unyayo umeikosa. Mpini ufike kwenye mkunjo ambapo mkono unaungana na kiganja, mkono ukining'inia. Ncha ivishwe mpira. Ishikwe upande wa pili wa mguu dhaifu. Mzee wa Kigogo anayo tayari, na haihitaji chaji. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari Chamwino au Kongwa naona hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa aliyepitia ukoma, kama walio Hombolo, hesabu inabadilika. Neva inayopita kwenye kisigino cha mkono (kiungo cha katikati ya mkono) nayo mara nyingi huwa imeharibika, kiganja kina ganzi, na fimbo inamchubua bila yeye kujua. Huyo ndiye ningemtetea apewe kifaa, mradi muundi unahisi, kwa sababu ganzi ya ukoma huja kwa mabaka.

Lakini mtetemo hauzuii mbigili wala mchanga wa moto wa Oktoba. Soli ile inataka kiatu kilichofungwa, siyo kandambili, na kiatu kikung'utwe kila mara kabla ya kuvaliwa. Mguu unaoburuta vidole nao unahitaji kishikizo cha plastiki cha kuinua unyayo; kivaliwe saa moja siku ya kwanza, na wekundu usiofifia ndani ya nusu saa maana yake kinabana, kirudishwe kwa fundi. Usiku mgonjwa atakwenda chooni bila kifaa, na gizani macho hayamsaidii, kwa hiyo tochi iwekwe kitandani pake na njia isiachwe na ndoo wala mawe.