Dawa za presha na mkono unaotetemeka

Wiki iliyopita nilipanga foleni kwenye duka la dawa huko Tandika, nyuma ya dada mmoja aliyekuja na baba yake. Mzee alikaa kwenye benchi, kidole gumba kikisugua cha shahada taratibu, kama anayevuta tasbihi isiyoonekana. Dada akaomba amlodipini ya mwezi mzima, kisha akauliza: "Eti ni kweli hizi za presha zinazuia na kutetemeka? Nimetumiwa kwenye simu." Muuzaji akacheka tu.

Mimi sikucheka. Aliyeandika ujumbe ule hakuota, ila alisoma nusu ya habari.

Amlodipini na ndugu zake huziba vijilango ambavyo kalsiamu hupitia kuingia kwenye seli. Kwenye mishipa ya damu, kalsiamu ikipungua, misuli hulegea na presha hushuka. Ubongoni nako kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Ndizo zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Hizi hudunda zenyewe usiku na mchana, na kila mdundo huingiza kalsiamu ambayo lazima itolewe tena kwa gharama ya nishati. Seli inachakaa kama pampu isiyozimwa. Mwaka 2007 James Surmeier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walionyesha kwa panya kwamba isradipini, dawa ya presha ya jamii hiyohiyo, iliweza kuzilinda. Mwaka 2010 takwimu za Denmark zikaongeza moto: waliokuwa wakitumia dawa za kundi hilo walipata Parkinson kwa uchache, pungufu kwa karibu robo. Isipokuwa amlodipini. Hiyo haikuonyesha tofauti, na inadhaniwa ni kwa sababu huvuka kwa taabu ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Yaani kidonge alichokuwa anakiulizia dada ndicho kilichokuwa na ushahidi hafifu kuliko vyote.

Nusu ya pili ya habari ilikuja na majaribio kwa binadamu. Wagonjwa 336 wa Marekani na Canada, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga, walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Wengine wakimeza isradipini miligramu 10 kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa 2020: ugonjwa ulisonga mbele kwa mwendo uleule. Kwa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nako nilvadipini, ndugu mwingine wa dawa hizi, ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa zaidi ya 500 kwa miezi 18, na 2018 ikatangazwa kwamba haikusaidia.

Watetezi wa dawa hizi wana hoja mbili. Ya kwanza naikubali: dozi ilikuwa ndogo kwa ubongo, na haiwezi kupandishwa ovyo kwa sababu presha itaporomoka na miguu kuvimba. Inatakiwa dawa itakayogusa kijilango cha ubongo na kuiacha mishipa salama, na kuitafuta hiyo ni kazi halali. Ya pili inanitia mashaka. Wanasema mkono ukianza kutetemeka seli nyingi zimeshakufa, kwa hiyo tulichelewa kuanza. Huenda ni kweli, lakini utetezi huo unaweza kuiokoa dawa yoyote iliyoshindwa.

Tusiseme pia kwamba njia nzima imeziba. Mwaka 1989 madaktari wa Uingereza waliwapa nimodipini, ya jamii hiyohiyo, kwa siku 21, wagonjwa waliovuja damu juu ya ubongo baada ya mshipa kupasuka. Waliopata sehemu ya ubongo kufa kwa kukosa damu walishuka kutoka asilimia 33 hadi 22. Hata hivyo dawa hiyohiyo haikufua dafu kwenye kiharusi cha kawaida cha mshipa kuziba. Ubongo ni uleule, ila tatizo ni jingine.

Upande ambao ujumbe wa simu haukuugusa kabisa ni sinarizini. Nayo huziba vijilango vya kalsiamu, na hapa mjini watu huinunua kwa ajili ya kizunguzungu. Lakini huzuia pia dopamini, na mtu mzima akiitumia muda mrefu inaweza kumletea mtetemo na ukakamavu unaofanana na Parkinson. Mara nyingi hupungua ikisimamishwa, ingawa huchukua miezi.

Nilimuuliza dada kama mzee anatumia kingine. Akafungua pochi. Mle ndani mlikuwa na sinarizini, "tangu Ramadhani ya mwaka juzi, kizunguzungu kilikuwa kinamsumbua."

Nikamwambia amlodipini asiikatize. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta viharusi vipya kwa mwaka 316 kwa kila watu 100,000 hapa Dar es Salaam, dhidi ya 109 wilayani Hai, Kilimanjaro, na presha ndiyo mchochezi mkubwa wa kiharusi. Hivyo kidonge kile kinaulinda ubongo wa mzee, ila kwa njia nyingine kabisa. Vidonge vyote avipeleke kwa daktari, pakiti kwa pakiti, amwambie na kila kimoja kilianza lini.

"Kwa hiyo hiki cha kizunguzungu ndicho kinachomtetemesha?" akauliza.

"Huenda, huenda sicho, dada. Mkono ulianza lini?"

Akamgeukia baba yake. Mzee akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, ule uliotulia.