Kama si Sauti

Kuna neno "kama si" ambalo watu wameliweka akiba kwa ajili ya mtoto wa maskini. Akipata kazi, kama si mjomba wake. Akijenga, kama si fulani kumshika mkono. Langu niliambiwa mwaka niliomaliza chuo: "Kama si mkopo wa serikali, huyu angekuwa anasukuma mkokoteni." Aliyesema ni jirani, mtu mzima, tena mbele ya mama aliyekuwa barazani akigeuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli. Mama hakuinua uso. Alikigeuza kile cha katikati, ambacho ndicho huwahi kuungua, kisha akasema, "Karibu vitumbua, baba."

Neno lile lilinikaa. Kila likinirudia, humkumbuka Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, wakati utumwa visiwani ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Hilo lilikuja 1897. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, na jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Hebu fikiria mama anamwita mwanawe aje ale, na jina linalomtoka mdomoni ni hilo. Binti akakua akiuza vyungu vya udongo, anajitwisha kichwani na kwenda navyo huku akivinadi. Ni katika kunadi huko watu walipoanza kuisikia sauti yake.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alimpata Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba pamoja na ala. Taarab ya zama hizo ilikuwa ya jumba la Sultani, ya wanaume, tena kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Akaimba habari za mtaani na za mahakamani, za wanyonge waliodhulumiwa na wanawake waliokosa haki, mambo ambayo wakubwa wasingependa yasikike. Mwaka 1928 akavuka bahari na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, na santuri zile zikasikilizwa pwani nzima.

Hapo ndipo "kama si" yake ilipokuja. Wapinzani walimtungia kejeli: mtu gani huyu, si juzi tu kaja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini? Siti akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili.

Jibu lake nalipenda, ila mimi ningeongeza jingine. Ni kweli, kama si sauti asingefika Bombay. Lakini sauti haikumtwisha vyungu, wala haikumwendea njiani juani. Na nani asiye na "kama si" yake? Mwenye duka la kurithi anayo. Aliyesomeshwa na baba yake hadi Uingereza anayo, kubwa kuliko ya Siti, lakini hatumsimamishi barazani kumuuliza. Kwake tunaiita malezi mema. Kwa mtoto wa muuza vitumbua tunaiita bahati.

Sitaki pia kujidanganya upande wa pili. Siku hizi kuna wanaosimama majukwaani na kuwaambia vijana kwamba ukijituma utafika, basi. Siti hakuwa mwanamke pekee wa shamba aliyejitwisha mzigo akaenda kuuza, na siamini kwamba ni yeye tu aliyejituma. Wapo waliotembea njia zilezile, pengine wenye sauti nzuri pia, wasikutane na mtu wa kuwafundisha. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba amebaki maskini kwa sababu hakujituma ni dhuluma, na mimi niliyemwona mama akiamka saa tisa usiku kila siku kwa miaka yote ile siwezi kuitamka. Mama alijituma kuliko mimi. Mimi nilipata mkopo, yeye hakupata hata darasa la nane.

Siti alifariki Julai 1950. Miaka mingi baadaye, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Wamechukua neno lilelile alilosimangiwa.

Jirani yetu bado ananunua vitumbua kwa mama. Mwaka jana alikuja na mjukuu wake, binti mpole, vyeti vyake viko ndani ya bahasha ya kaki. Alitaka kuomba mkopo wa chuo na hakujua aanzie wapi. Nikawasha kompyuta palepale barazani. Mzee alishika bahasha, akawa ananipa cheti kimoja kimoja, na mama akatuletea chai. Tulimaliza adhana ya magharibi ikilia.