Miaka 17 haifutwi kwa neno la mdomo

"Papa, kesho usirudi." Niliyasikia mwenyewe maneno hayo, mjomba wangu akimwambia msagaji wake, nami nimesimama mlangoni pa kinu chake huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Yule mzee alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Miaka 17 alisaga mahindi pale, na kwa mlio tu alijua mkanda wa mashini umelegea. Alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya mizani, akaondoka.

Mjomba si mtu katili. Wateja walipungua, bei ya mahindi ikapanda, naye akaona kinu ni chake na uamuzi ni wake. Wenye biashara ndogo wengi hapa Lubumbashi wanafikiri hivyo hivyo, kwamba Sheria ya Kazi ya Kongo ni ya makampuni ya migodi. Nawapinga kabisa. Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda pia msagaji wa Katuba.

Tena wanajikinga kwa kusema, "Hatukuandikiana kontra," yaani mkataba wa kazi. Kinga gani hiyo? Pasipo maandishi, sheria inachukulia kwamba kontra haina kikomo, mpaka ithibitishwe vingine. Karatasi ambayo patro, yaani mwajiri, hakuiandika inamwelemea yeye mwenyewe.

Kisha ije preavi, yaani taarifa ya mapema kabla ya kumwachisha mtu kazi. Ni siku 14 za kazi kwa uchache, na 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mbele ya mkaguzi wa kazi tulipiga hesabu ya mzee: 7 mara 17 ni 119, ongeza 14, siku 133. Kwa wiki ya siku sita hiyo inapita miezi mitano. Usipotoa preavi, unailipa. Mjomba alinyamaza muda mrefu.

Lililoniuma ni kwamba sababu alikuwa nayo. Biashara ikidhoofika, sheria inakubali kupunguza watu. Ila barua lazima itoke, na sababu iandikwe humo. Asiye na sababu halali anaweza kuamriwa na mahakama kumrudisha mtu kazini, au kumlipa fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36, na miaka ya utumishi inahesabiwa katika kuipima.

Wapo wanaokwepa gharama hizo kwa kumzushia mzee wizi. Hao siwaonei huruma hata kidogo. Kosa zito lina muda wake: tangu siku ulipolijua, una siku 15 za kazi kumwandikia kwamba unavunja kontra. Huwezi kufukua gunia lililopotea miaka mitatu iliyopita.

Kesi haikufika mahakamani; ni lazima kwanza ipite kwa mkaguzi kwa upatanisho, na pale ndipo walipoelewana. Mjomba alilipa kwa awamu tatu. Malipo yalipokamilika, mzee aliomba cheti cha kazi, ambacho nacho ni haki yake. Nilikiandika mimi. Nilipofika kwenye tarehe ya kuanza kazi, mjomba alikuna kichwa, hakuikumbuka. Mzee aliitaja papo hapo: ni siku ile mashini iliposhushwa kwenye lori, naye akiwa mmoja wa walioipokea.