Kelele zetu pembeni mwa uwanja zinamfaa nani?

Timu ikifungwa huku kwetu Kusini, jibu huwa limeshaandaliwa: "vijana hawakuwa sawa kisaikolojia." Kocha analisema akihojiwa redioni, mchambuzi wa kijiweni analirudia kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, na mjadala unafungwa, kana kwamba saikolojia ni mvua iliyonyesha siku hiyo na hakuna wa kuulizwa. Mimi naona wa kuulizwa wapo. Wengi wao ni sisi tunaosimama pembeni mwa mstari.

Nazungumzia hasa viwanja vya mchangani, hivi vya Mtwara mjini na Mikindani mpaka huko Nanyamba na Masasi, ambako watoto wa darasa la tano na la sita wanacheza Jumamosi asubuhi huku watu wazima wamewazunguka. "Toa huo! Piga! Mtoe huyo, hajui!" Mtoto mmoja anapokea maelekezo kutoka pande nne, mengine yakipingana, na yenye sauti kubwa kuliko yote yanatoka kwa mjomba ambaye hajawahi kucheza hata chandimu. Sisi tunaita hiyo hamasa.

Swali la kwamba mtu akitazamwa na wenzake anafanya vizuri zaidi au vibaya zaidi ni la zamani sana. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett alichapisha uchunguzi wake juu ya waendesha baiskeli. Aliona kwamba waliokimbia wakiwa na wenzao walikuwa na kasi kuliko waliokimbia peke yao kushindana na saa. Akawachukua watoto 40, akawapa kazi ya kuzungusha haraka kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia, mara wakiwa peke yao, mara wakishindana na mwenzao. Watoto 20 waliongeza kasi. Kumi hawakubadilika sana. Kumi waliobaki waliharibikiwa: mikono ilikakamaa, wakapapatika, kasi ikashuka.

Kila anayesimulia habari ya Triplett anawataja wale 20. Mimi nawafikiria wale kumi, kwa sababu ndio ninaowaona Jumamosi. Mazoezini mtoto anapiga chenga safi, anacheka, anaomba mpira. Siku ya mechi anauogopa. Akiupata anautoa upesi kwa yeyote, hata kwa adui, ilimradi usikae mguuni mwake.

Maelezo mazuri ya tofauti hiyo yalikuja mwaka 1965, pale mwanasaikolojia Robert Zajonc alipopendekeza jambo ambalo naona kila kocha angepaswa kulijua kabla ya kujua mfumo wa 4-4-2. Macho ya watu yanauamsha mwili, na mwili ulioamshwa unafanya kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichozoea ni sahihi, utafanya vizuri zaidi. Kama bado unajifunza, ulichokizoea ni makosa, kwa hiyo utakosea zaidi, na kwa nguvu zaidi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walijaribu wazo hilo kwa mende. Katika njia iliyonyooka mende walikimbia haraka zaidi wakitazamwa na mende wenzao, lakini penye njia ya kukata kona walichelewa kuliko walipokuwa peke yao. Mende hana aibu, hana mjomba, hana wasiwasi wa kuchekwa shuleni Jumatatu, na bado watazamaji walimvuruga. Sembuse mtoto wa miaka kumi na moja.

Ndiyo maana sina ugomvi na shabiki wa Namungo anayepiga ngoma pale Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Apige tu. Mchezaji wa Ligi Kuu ameshapiga pasi ile maelfu ya mara, mguu wake hauhitaji kuambiwa, na kelele zinaweza kumwongezea mbio dakika ya themanini. Kelele zilezile ukizihamishia kwa mtoto anayejifunza kutuliza mpira kwa mguu wa kushoto, unamwondolea hata kile kidogo alichokipata wiki hiyo. Kuna mpaka hata kwa wakubwa, bila shaka. Presha ikizidi kiasi, kipa mzoefu naye anaruka kabla mpira haujapigwa, na ikipungua mno anasinzia langoni. Ila mtoto anaufikia mpaka huo mapema mno.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa: "Sisi tulikuzwa kwa kelele na fimbo, na tukakomaa." Sawa, mmekomaa nyinyi mliobaki. Walioacha mpira wakiwa na miaka kumi na miwili hawapo pembeni mwa uwanja kutoa ushahidi wao.

Huko Seattle, Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia makocha wa besiboli ya watoto. Baadhi ya makocha walipewa mafunzo ya saa chache tu: sifia juhudi na siyo matokeo peke yake, mtoto akikosea mtie moyo kwanza kisha mwelekeze cha kufanya, acha kukaripia na kuadhibu. Wengine waliendelea na mtindo wao. Msimu uliofuata, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, watoto 26 katika kila mia waliokuwa chini ya makocha wasiofundishwa walikuwa wameacha. Kwa makocha waliofundishwa, waliacha watano katika kila mia. Na timu za makocha wapole hazikushinda mechi chache kuliko za wenzao. Watoto waliokuwa wanajiona hawafai ndio walionufaika kuliko wote.

Kumwelekeza mtoto siyo kumbembeleza, hapo watu huchanganya. "Umeiona nafasi vizuri, sasa kaza kifundo, piga kwa upande wa ndani" ni ukosoaji kamili. Umetaja kosa na umetaja dawa yake. "Wewe mzigo" haina dawa ndani yake.

Sasa kujiamini, ambako ndiko pesa nyingi za mpira wa mtaani zinakopotelea. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandiko yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa anaweza jambo fulani ina vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa umeshalifanya na likafanikiwa. Cha pili ni kumwona mtu wa aina yako akilifanya. Cha tatu ni kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza. Cha nne ni jinsi unavyousoma mwili wako: moyo ukidunda, unajiambia "niko tayari" au unajiambia "nimekwisha"?

Hapa ndipo ninapoipa nafasi yake kamati ya ufundi, wale wanaoitafutia timu kinga kwa mganga, na sisemi kwa kejeli. Mchezaji anayeamini kwamba timu imefungiwa kinga anaingia akiwa ametulia, na utulivu huo ni wa kweli. Umegusa chanzo cha tatu na cha nne. Ila angalia ulivyo dhaifu: wapinzani wakitangulia kufunga, kinga imevunjika na vichwa vimeinama, na mechi ijayo mchango unapitishwa upya. Chanzo cha kwanza, ambacho ni penalti hamsini za Jumanne jioni zikipigwa miguu ikiwa imechoka, hakidai hata shilingi. Sijaona kikundi kinachochangishana kwa ajili ya hicho.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, vijiwe vyote vilisema kijana ana roho ngumu. Ningeongeza kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri ya kuitegemea. Nafasi ya tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, ya pili Boston Aprili 2025. Katikati hapo kuna Paris 2024, alikomaliza wa 17. Kilichokuwa kichwani mwake mita za mwisho anakijua mwenyewe, lakini mtu mwenye orodha hiyo ana cha kujikumbusha mguu unapokuwa mzito. Mtoto wa mchangani anahitaji orodha yake ndogo, na haiwezi kuandikwa na mtu anayemtoa uwanjani kila akipoteza mpira.

Hili la macho ya watu haliishii kwenye mpira. Daktari anamwambia mama mwenye presha atembee, na Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mama ananunua raba, anatembea ufukwe wa Shangani siku mbili tatu, anasikia vijana wa bodaboda wakimtania, harudi. Majirani wanasema mvivu. Lakini vikundi vya jogging vinavyopita alfajiri na fulana zao za sare vinadumu, na nadharia ya wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan inasaidia kueleza kwa nini: mtu hushikilia jambo akiwa amelichagua mwenyewe, akijiona analimudu, na akiwa na watu wa kwake ndani yake. Mgeni anayeanza anataka wenzake wa kukimbia naye. Hataki watazamaji. Alfajiri, kabla barabara haijaamka, anapata wenzake na anaepuka watazamaji kwa pamoja. Nadhani chai na mihogo baada ya mbio nayo ina sehemu yake, ila hilo ni langu.

Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yamewahi kufanyikia hapa Mtwara, na walimu waliozileta timu zile ndio haohao wanaofundisha watoto wetu mwaka mzima. Hao ndio wanasaikolojia tulio nao. Semina zao ziwe na mchana mmoja wa kufundishwa kutumia mdomo, tofauti na kufundishwa mfumo.

Sisi wa pembeni tupewe kanuni. Katika mechi za chini ya miaka kumi na mitatu, mtazamaji apige makofi, ashangilie bao na basi. Anayetoa maelekezo aombwe kurudi nyuma mpaka kwenye mikorosho. Viwanja vyetu vingi vinayo. Mwamuzi asimamishe mpira mpaka afike. Ningependa ligi moja ya kata ijaribu msimu ujao, tena mapema, kabla minada ya korosho haijaanza na watu wazima hawajapata hela ya kuwekea watoto dau la mbuzi.